Ramani za Kale na Matoleo Yake: Neno kwa Walimu Wasomao Habari za Pwani na za Ruvuma

Walimu wengi wa Masasi na Newala, wakitaka kuwaeleza wanafunzi habari za kale za pwani yetu, huchukua picha ya ramani ya zamani, wakasoma mwaka ulioandikwa chini yake, kisha wakasema, "Hivi ndivyo nchi ilivyokuwa mwaka ule." Kazi hiyo ni njema, walakini ina mtego ndani yake. Kitabu cha ramani cha zamani hakikuwa kitu kimoja. Kilipigwa chapa mara nyingi, na katika kila toleo maneno yaweza kubadilika ramani isibadilike, au ramani ikabadilika na maneno yakabaki yale yale. Asiyejua ameshika toleo gani hajui ameshika ushahidi wa mwaka gani.

Tutwae mfano wa Kilwa, ambayo habari zake zatuhusu sana sisi watu wa kusini. Abraham Ortelius wa Antwerp alitoa kitabu chake, Theatrum Orbis Terrarum, tarehe 20 Mei 1570, chenye karatasi 53 za ramani. Katika ramani yake ya Afrika Kilwa imeandikwa Quiloa, kwa namna ya Wareno. Mwaka 1606, Ortelius mwenyewe amekwisha kufa tangu 1598, kitabu kile kilitolewa London kwa Kiingereza. Mtu akiiona Quiloa katika kitabu cha 1606 aweza kudhani kwamba amepata shahidi wa Kilwa ya 1606. Sivyo. Bamba la Afrika ni lile lile la 1570. Kati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1587, Wazimba waliivamia Kilwa wakaua watu wengi. Bamba halikusikia habari. Tena tuangalie jambo la lugha: maneno yaliyo nyuma ya karatasi yamegeuzwa Kiingereza, bali majina yaliyo usoni pa ramani hayakuguswa. Basi atakayetaka kujua Waingereza wa siku zile waliutamkaje mji huo asiulize ramani.

Sababu yake i katika kazi yenyewe. Ramani ilichongwa katika bamba la shaba kwa chombo chenye ncha kali, na herufi zote ziliandikwa kinyume, kama zionekanavyo katika kioo. Bamba lilipakwa wino, kisha likafutwa juu, wino ukabaki ndani ya michoro. Karatasi yenye unyevu ikawekwa juu yake, na vyote viwili vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo. Bamba moja laweza kutumika miaka mingi. Lakini kulisahihisha ni taabu: mahali penye kosa hukwanguliwa, bamba likagongwa kwa nyundo kutoka nyuma hata uso usawazike, ndipo huchongwa upya. Kwa hiyo mwenye mtambo, akipima faida yake, mara nyingi aliliacha kosa liishi. Walakini ramani ya dunia katika kitabu hicho ilichongwa mara tatu. Bamba la kwanza lilipata ufa pembeni, na ufa ule waonekana katika nakala zilizopigwa baadaye, hata wataalamu huutumia kupanga nakala ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Bamba la 1587 ndilo lililoondoa kinundu kikubwa kilichochorwa bure katika pwani ya magharibi ya Marekani ya Kusini.

Maneno hayakuwa na shida hiyo. Herufi za risasi zilipangwa, zikapigwa chapa, zikatenguliwa; toleo jipya lilipangwa upya, na mpangaji au mwenye kitabu akapata nafasi ya kuongeza na kupunguza. Toleo la Kiholanzi lilitoka 1571, la Kijerumani na la Kifaransa 1572, la Kispania 1588. Kilatini kiliwaelekea wenye elimu, kikajaa majina ya waandishi wa kale. Matoleo mengine yalisema na wafanya biashara na watu wa nyumbani, na maneno yake si tafsiri tupu ya Kilatini. Ramani nazo ziliongezwa. Ile ya nchi za mfalme wa Habeshi, aliyeitwa Padre Yohana, iliingia mwaka 1573. Mwenye kitabu cha 1570 hanayo.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni mambo ya wenye maktaba tu. Ramani za Ptolemayo zilipigwa chapa Strasbourg mwaka 1522 na 1525 kwa vibao vya mti, na nyuma ya ramani ya Nchi Takatifu palikuwa na maneno ya kusema kwamba sifa za rutuba yake ni za uongo, kwa maana wasafiri waliiona kavu. Miguel Servet, Mspania, alipolitengeneza toleo la Lyon la 1535, vibao vilikuwa vile vile, na maneno yale akayaacha. Katika toleo lake la pili, la 1541, yaliondolewa. Aliposhitakiwa Geneva mwaka 1553, maneno hayo yalitolewa mbele ya hakimu kama kosa lake mojawapo. Alijibu kwamba hakuyaandika yeye. Na kweli, hakuyaandika. Mashitaka makubwa yalikuwa juu ya Utatu na ubatizo wa watoto, na kwa hayo aliteketezwa tarehe 27 Oktoba. Hata hivyo twaona kwamba mtu alidaiwa maneno ya mwingine, kwa sababu walioyashika hawakuyalinganisha na matoleo ya kwanza, au hawakutaka.

Jina la mwenye kazi nalo si la kuaminiwa sana. Willem Blaeu wa Amsterdam alinunua mabamba ya Hondius yapatayo 40 mnamo 1629, akafuta jina la Hondius, akachonga lake.

Na bara yetu je? Wamisionari Erhardt na Rebmann, kwa kuwauliza watu wa misafara ya pwani, walichora bahari moja kubwa ndani ya bara, kwa kuwa njia ya Kilwa, njia ya Bagamoyo na njia ya kaskazini zote zilifika kwenye maji. Ramani hiyo ilitoka Ujerumani katika Calwer Missionsblatt mwaka 1855, ikatoka Uingereza mwaka 1856, na mwaka uo huo Petermann akaichora kwa namna yake na kuiwekea maelezo yake. Anayeinukuu na aseme ni ipi kati ya hizo. Bahari ile ilikuwa maziwa matatu, kama ilivyodhihirika kwa safari za 1858 na 1859. Waliosimulia hawakusema uongo, ila kalamu iliunganisha walichokitenga.

Hata habari za Newala zenyewe zina matoleo. Karl Weule alikuja Masasi na Newala mwaka 1906, akawapa wapagazi wake karatasi na kalamu wachore, na mmoja wao, Sabatele, alichora njia kuu ya misafara na vituo vyake. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908. Kile cha Kiingereza cha 1909 kilifasiriwa na Alice Werner, naye alitia dibaji na maelezo yake mwenyewe chini ya kurasa, ambayo msomaji wa Kijerumani hakuyapata.