Makumbusho ya Berlin na Historia ya Mkimbizi

Wengi tukisikia neno makumbusho tunafikiria mataji ya wafalme na bunduki za zamani. Leo twende Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Mimi sijafika huko, nimejisomea tu kwenye simu. Lakini kule kuna makumbusho ambayo habari yake kubwa ni mtu aliyefungasha virago na kukimbia.

Tuanze na Makumbusho ya Kiyahudi, yaliyofunguliwa mwaka 2001. Jengo lilichorwa na Daniel Libeskind, ambaye wazazi wake walinusurika mauaji ya Wanazi. Chini kuna njia tatu zinazokatana. Moja inaitwa Njia ya Uhamisho, nayo inakutoa nje kwenye bustani yenye nguzo 49 za zege. Ardhi ya pale imeinama makusudi, na nguzo zimeinama pia. Ukitembea unapepesuka kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye boti. Mwenye kuvuka ziwa usiku ataelewa bila kuelezwa.

Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Wayahudi wa Ujerumani walianza kukimbia. Waliofanikiwa kutoka kabla milango haijafungwa ni zaidi ya 250,000. Wengine walifika mpaka Kenya, wakafanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kumbe Mzungu naye aliwahi kuja Afrika akiwa mkimbizi!

Sehemu ya pili ni kituo cha kumbukumbu za kukimbia na kufukuzwa, kilichofunguliwa mwaka 2021. Kinaeleza habari za Wajerumani zaidi ya milioni 12 waliokimbia au kufukuzwa Ulaya ya Mashariki mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Vita hiyo Ujerumani yenyewe ndiyo iliianzisha, na kituo hakifichi jambo hilo. Pia kinaeleza habari za wakimbizi wa nchi nyingine. Ndani kuna chumba cha ukimya, unakaa tu na mawazo yako.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Mwishoni mwa 2015, wakati Wasyria na Wairaki wengi walikuwa wameingia Ujerumani, makumbusho kadhaa ya Berlin yalianzisha mradi unaoitwa Multaka, neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kukutana. Wakimbizi walifundishwa kazi ya kuongoza wageni, wakawa wanawatembeza wenzao kwa Kiarabu, bila malipo. Kwenye makumbusho ya historia ya Ujerumani walionyeshana jinsi nchi ile ilivyobomolewa na vita na kujengwa upya. Fikiria mtu aliyetoka Aleppo anaeleza hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Historia yetu iko wapi? Kwenye faili kuna namba, ukubwa wa familia na tarehe ya kuandikishwa. Hakuna jina la mlima tuliopita, wala nani alimbeba bibi mgongoni. Wazee waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wanazidi kupungua: wengine wamefariki, wengine wamehamishiwa nchi za mbali. Kila mmoja anaondoka na kitabu chake kichwani.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Wiki hii kaa na mzee mmoja wa bloku yenu. Muulize alitoka kijiji gani, mwaka gani, alipita njia ipi, na alibeba kitu gani ambacho bado anacho. Andika kwenye daftari, kwa lugha anayoongea yeye. Picha ya zamani, sufuria, kadi ya chakula ya kwanza, msitupe. Na wahudumu, mkiwa na kabati moja lenye kufuli, tupatieni. Hilo kabati litatosha kuanzia.