Maktaba ya Mabati: Duka la Muvi la Mathare katika Historia ya Sinema ya Nairobi

Historia ya sinema jijini Nairobi huandikwa kama tanzia. Huanza na Theatre Royal, iliyojengwa mwaka 1912 na baadaye kuitwa Cameo, ikafuatwa na majina ambayo wazee wa jiji bado wanayakumbuka: Kenya Cinema, Odeon, Embassy, 20th Century, na yale majumba ya wazi ya Fox na Belle Vue ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari. Kisha huja kanda za video, watazamaji wanapungua, mapazia yanashushwa, na viti vinaondolewa ili kupisha makanisa na biashara nyingine. Shan ya Ngara, iliyokuwa makao ya filamu za Kihindi, ikageuka kuwa Sarakasi Dome. Masimulizi hayo ni sahihi kwa katikati ya jiji, lakini yana upungufu mkubwa: yanahesabu majumba na kusahau watazamaji. Hoja yangu ni kwamba katika miaka ileile tunayoambiwa sinema ilikuwa inakufa Nairobi, watu wengi zaidi wa Eastlands walikuwa wanatazama filamu kuliko wakati wowote kabla yake. Taasisi iliyowawezesha ilikuwa kibanda cha video na duka la muvi, lile la kununua, kubadilishana na kuazima diski. Mtaa wa mabanda wa Mathare unatufaa kama mfano kwa sababu huko hapakuwa na taasisi nyingine ya kuifanya kazi hiyo.

Tuanze na swali la nani aliruhusiwa kuingia. Chini ya ukoloni, udhibiti wa filamu nchini Kenya ulifuata rangi ya mtazamaji: filamu iliyoonekana kuwa haina neno kwa Mzungu iliweza kukatazwa kwa Mwafrika, kwa hofu kwamba kumwona Mzungu akilewa, akiiba au akipigwa kungeshusha heshima ya mtawala. Mwafrika alitengenezewa filamu zake. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika Tanganyika, ulipiga filamu za kilimo, afya na akiba na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki. Baada ya hapo, Colonial Film Unit, iliyoundwa London mwaka 1939, iliendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo sinema ilimfikia Mwafrika wa kawaida kama somo linaloletwa kwa gari na kuondoka nalo. Wakazi wa bonde la Mathare, wakati huohuo, hawakutambuliwa hata kama wakazi. Walikuwa vibarua na wafanyakazi wa machimbo ya mawe, na wakati wa hali ya hatari, baada ya Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza jijini wa Aprili 1954, makazi yao yalibomolewa. Uhuru ulipokuja walirudi na kujenga upya, wenyewe, bila bomba wala barabara ya maana. Jumba la Liberty lilikuwa Pangani, mwendo mfupi kutoka Mlango Kubwa, lakini tiketi ya familia nzima haikuwa jambo dogo kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Serikali huru ilipata nafasi ya kurekebisha hali hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliunda Shirika la Filamu la Kenya na kulikabidhi uagizaji na usambazaji wa filamu nchini. Shirika hilo lilitwaa biashara iliyokuwepo, yaani filamu za kupeleka kwenye majumba yaliyokuwepo. Mitaa isiyo na jumba ilibaki hivyohivyo. Kilichobadilisha mambo ni mashine. Kanda za VHS, zilizozinduliwa Japani mwaka 1976, zilienea Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, kwanza kwa familia zenye uwezo, kisha zikashuka hadi mitaani. Runinga moja, mashine moja ya kuchezea kanda, mabenchi ya mbao na blanketi la kuziba dirisha vilitosha kuanzisha ukumbi. Nje uliwekwa ubao wa chaki wenye majina ya filamu za siku hiyo na saa zake, na spika ilielekezwa njiani ili milio ya ngumi iwaite wapita njia. Kiingilio kilikuwa shilingi 10 au 20. Umeme mara nyingi ulikuwa wa sambaza, waya uliovutwa kutoka kwa jirani wa jirani, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna aliyesikia neno. Hata hivyo Bruce Lee, Rambo na Jean-Claude Van Damme walijulikana Huruma na Mabatini kama watu wa nyumbani. Waandishi wa tamthilia ya Marekani ya Sense8 ya mwaka 2015 walipomfanya mhusika wao wa Nairobi kuwa dereva wa matatu iliyoandikwa Van Damn, walikuwa wameona jambo la kweli.

Diski ndiyo iliyohamisha sinema kutoka ukumbini hadi chumbani. VCD ilitangulia, DVD ikafuata. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, na katika muongo wa 2000 mashine za bei nafuu kutoka China zilijaa katika maduka ya katikati ya jiji. Kanda ilikuwa kubwa, iliharibika kwa joto na vumbi, na kuinakili kulichukua muda uleule wa kuitazama. Diski ilinakiliwa kwa dakika chache kwa kompyuta yoyote yenye kifaa cha kuchoma, na nakala ya kumi ilikuwa safi kama ya kwanza. Kutokana na ufundi huo likazaliwa duka la muvi. Mara nyingi ni chumba cha mabati chenye upana wa mlango na meza. Ukutani zimepangwa karatasi za majalada ndani ya plastiki, na mezani kuna albamu nene ambazo mteja hufunua kurasa zake akichagua: za kivita, za Kihindi, za Kinaijeria, za Bongo, za watoto. Anayeaminika aliandikwa kwenye daftari na kuondoka na diski ya kurudisha kesho; asiyefahamika aliacha kitambulisho au alinunua kwa shilingi 50. Muuzaji alijua nani anafuatilia tamthilia ya 24 na nani amefika msimu upi wa Prison Break. Alimweleza mteja bila kuficha kama nakala ni safi au imerekodiwa kwa kamera ndani ya jumba la sinema la ughaibuni, vichwa vya watu vikipita mbele. Diski iliyokwaruzwa ilifutwa kwa pindo la shati, ikikataa ikapakwa dawa ya meno na kujaribiwa tena. Kazi hizo, yaani kupanga, kushauri, kutunza na kuazimisha kwa dhamana, ni kazi za mkutubi, na ndiyo maana naiita maktaba bila kusita.

Maktaba hiyo ilikuwa pia na wafasiri wake. Filamu ya Kichina yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha haimfai mtu asiyesoma upesi, wala mama anayepika huku akitazama. Huko Kampala wasimuliaji waitwao VJ walianza kuzungumza juu ya filamu katika kumbi za video, na Dar es Salaam Lufufu akajipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kazi ambayo mtafiti Mjerumani Matthias Krings ameichunguza kwa kina. Nairobi jina kubwa ni James Muigai, yaani DJ Afro. Hatafsiri sentensi kwa sentensi. Huwapa wahusika majina, humcheka adui, humwonya shujaa, huingiza bei za unga na tabia za makanga, na filamu iliyopigwa Hong Kong inamalizika ikiwa imepita kwanza Nairobi. Kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Mlima Kenya na Sheng ya mjini, amewafikia watu ambao hakuna mwandishi wa riwaya wa Kenya aliyewafikia kwa wingi huo. Anayetaka kujua Kiswahili cha Nairobi kilisemwaje mwanzoni mwa karne hii angefanya vyema kuanzia kwenye diski hizo, kabla ya magazeti.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoinuka: huu ulikuwa wizi. Kisheria halina mjadala. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, inakataza kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ilifanya misako na kuleta vibandiko vya kuthibitisha diski halali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, sura ya 222, inadai leseni na cheti kabla ya filamu kuonyeshwa hadharani. Vibanda vingi vya Mathare havikutimiza masharti hayo. Nalikubali pingamizi hili pale linapouma kweli, yaani kwa msanii wa hapahapa. Watengenezaji wa filamu wa mtaa wa River Road, waliopiga vichekesho vya Kikuyu kwa fedha zao wenyewe na kuwajulisha nchi nzima waigizaji kama Machang'i na Kihenjo, walitegemea mauzo ya diski pekee, na nakala haramu iliwanyang'anya riziki. Lakini pingamizi hilo haliwezi kusimama peke yake kama maelezo ya historia. Njia iliyomwumiza mtengenezaji wa River Road ndiyo njia iliyompeleka kwa mtazamaji, kwa maana diski yake halali iliuzwa kwenye meza ileile na kijana yuleyule. Na kwa filamu za Hollywood, hapakuwa na duka lililokuwa likiuza nakala halali Mathare kwa bei ambayo mkazi wa Mathare angeimudu. Hatuwezi kusema soko halali liliuawa mahali ambapo halikuwahi kufunguliwa. Mwaka 2016 Netflix ilipoingia Kenya kwa takribani shilingi 800 kwa mwezi, ilitaka pia kadi ya benki na intaneti ya kasi. Kwa fedha hizo mkazi alipata diski 16 na hakuulizwa kadi yoyote.

Pingamizi la pili ni la wazazi na walimu, nalo ni zito zaidi kwangu kuliko la wanasheria. Wanasema vibanda viliwatoa watoto shuleni, viliwaonyesha damu na uchi, na viliwafundisha vijana kushika bunduki. Ni kweli kwamba mtoto mwenye shilingi 10 hakuulizwa umri mlangoni, na kibanda kilichoonyesha filamu ya watu wazima usiku hakikuwa mbali na mahali watoto walipolala. Hilo lilikuwa kosa la waendeshaji, nao wanastahili lawama. Lakini kuhusu ujambazi, Mathare ilikuwa na sababu zake zilizotangulia runinga: polisi waliozoea kupiga risasi, ukosefu wa kazi, siasa za kuchochea makabila zilizolipuka mwishoni mwa 2007. Na duka la muvi lilipunguza hatari ya kibanda, kwa sababu diski ilipelekwa nyumbani, na nyumbani ni mama aliyeamua nini kitazamwe. Wateja wa tamthilia za Nigeria na filamu za mwigizaji wa Tanzania Steven Kanumba walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake, ambao ukumbi wa usiku uliojaa vijana wa kiume haukuwa mahali pao.

Yapo pia matunda yanayoonekana. Mwaka 1997, chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa Mathare 1987, kilishirikiana na mpigapicha Lana Wong katika mradi wa Shootback, ambao uliwapa vijana kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao wenyewe. Mmoja wao, Julius Mwelu, aliendelea hadi kuanzisha wakfu wa kuwafundisha wengine. Slum TV, iliyoanza 2006, iliwafunza vijana kurekodi habari za mtaa na kuzionyesha hadharani humohumo mtaani, na kuanzia 2011 Slum Film Festival ilipeleka tamasha zima la filamu Kibera na Mathare. Ufadhili na walimu kutoka nje vilisaidia, sikatai. Lakini hadhira iliyokaa kwenye giza la Mathare na kutazama picha za Mathare kwa ujuzi wa kukosoa haikuletwa na mfadhili. Ilikuwa imelelewa na miaka ishirini ya ubao wa chaki na albamu za majalada.

Kupungua kwa maduka ya muvi hakukutokana na misako. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, bei ya intaneti ikashuka, na muuzaji yuleyule akaanza kupakua filamu na kuziweka kwenye flash disk ya mteja. Mapema 2015 mitambo ya runinga ya analogi ilipozimwa Nairobi na vituo vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, mashine ya DVD ilipata msimu wake wa mwisho wa fahari: nyumba yenye runinga kuukuu isiyo na king'amuzi ilikuwa bado na cha kutazama. Baada ya hapo simu zimechukua nafasi. DJ Afro sasa anasikika mtandaoni, na baadhi ya maduka yanauza chaja na vifuniko vya simu.

Kinachopotea ni kumbukumbu. Sheria ya Vitabu na Magazeti, sura ya 111, inamtaka mchapishaji kukabidhi nakala za kitabu chake, ndiyo maana hata kijitabu cha mashairi cha miaka ya 1970 kinaweza kupatikana. Diski ya River Road ya 2004 au filamu iliyosimuliwa kwa Sheng ya 2006 haina mlinzi wa namna hiyo, na plastiki inayoishikilia inachakaa. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na Tume ya Filamu ya Kenya zinaweza kuanza na hatua ndogo: kutuma watu Juja Road na River Road kununua albamu zilizosalia, daftari za kuazimia, majalada na mbao za chaki, na kurekodi maelezo ya waliouza na waliosimulia wakiwa hai. Na wewe msomaji uliye na sanduku la diski chini ya kitanda, usilitupe kabla hujamuuliza mtu wa makumbusho.