Namba ya Lori la Kugo

Leo tuache kidogo mambo ya PHP na hifadhidata. Nataka kuwasimulia juu ya namba moja iliyoninyima usingizi siku tatu.

Nyumbani kwetu, kati ya Litein na Sotik, kuna picha ukutani. Kugo (ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita babu) amesimama kando ya lori la jeshi, amevaa sare ya KAR, kofia imelala upande. Tangu utotoni tunaambiwa, "Hapo mzee yuko Burma." Hata siku ya mazishi yake lilisemwa hivyo kwenye kipaza sauti. Juzi niliipitisha picha kwenye skana, nikaikuza, na pale kwenye bampa nikasoma: 34 YH 62.

Sisi tuliokulia kwenye chai tunajua kusoma namba. Trekta likipita na majani, namba yake inaanza na KT, na tela linalovutwa nyuma lina Z. GK ni gari la serikali. Umri wa gari pia unakisiwa: KBA zilianza 2007, KDA 2020. Jeshi la Kenya nalo lina mtindo wake: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. KA katikati ni jeshi la nchi kavu, KN ni la wanamaji. Mtindo huo ni ule ule wa jeshi la Mwingereza, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza hawakuandika hivyo. Walianza na herufi moja ya kutaja aina ya gari, kisha mfululizo wa tarakimu, hata saba. L ilikuwa lori, M gari dogo la abiria, C pikipiki, A ambulensi, F gari la deraya, T kifaru. Z ilikuwa gari jepesi la mizigo, lile lisilofika tani moja. Kwa hiyo lori la Burma mwaka 1944 lingesomeka L, halafu tarakimu tupu.

Mwaka 1949 wakabadilisha kila kitu. Magari yote yalipewa namba za mtindo mpya. Kwa lugha yetu ya programu ni hivi:

[0-9][0-9][A-Z][A-Z][0-9][0-9]

Kila jozi ya herufi inabeba magari 10,000, kuanzia 00-00 hadi 99-99. Magari yaliyokuwa tayari jeshini yalipewa jozi zinazoanza na Y au Z. Mapya yaliyonunuliwa baadaye mengi yalipata jozi zinazoanza na B. RN ilikuwa ya wanamaji.

Angalieni mtego ulipo. Z ya wakati wa vita ni aina ya gari. Z ya baada ya 1949 ni historia ya gari. Herufi ni ile ile, maana ni nyingine. Ukiandika programu ya kuzisoma, pima kwanza umbo la namba nzima ndipo uulize maana ya herufi. Mimi nilianza kinyume, programu ikanipa majibu ya kuchekesha.

Sasa turudi kwa 34 YH 62. Y inasema lori lenyewe ni la kabla ya 1949, yaani huenda hata vita liliviona. Lakini namba hiyo haikuwapo kabla ya 1949. Kwa hiyo picha haikupigwa Burma. Kitengo cha 11 cha Afrika Mashariki, wale wa nembo ya kichwa cha kifaru mnyama, kilipigana bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwaka 1944. Miaka mitano kabla!

Basi ilipigwa wapi? Batalioni ya 3 ya KAR ilipelekwa Malaya 1952 ikarudi 1953. Batalioni nyingine zilikuwa hapa hapa Kenya: Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na askari wa KAR wakaingizwa misitu ya Aberdare kuwawinda Mau Mau. Au ni kambini tu, siku ya amani. Namba haisemi. Namba inasema umri wa rangi kwenye bampa, haisemi dereva alikuwa anakwenda wapi. Wala haikanushi kwamba Kugo alifika Burma. Inakanusha picha tu.

Niliogopa kulisema nyumbani. Burma ni fahari, Aberdare ni neno zito. Mwishowe nikamwambia baba mdogo, "Baba, hii picha si ya Burma." Akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mzee mwenyewe hakuwahi kusema ni Burma. Ukimwuliza alikuwa anaondoka kwenda kutazama ng'ombe. Sisi ndio tuliosema."

Picha tumeirudisha ukutani. Nyuma yake nimeandika kwa penseli: baada ya 1949. Kama kwenu kuna picha ya mzee na gari la jeshi, mwacheni mzee kwanza, mtazame bampa. Na kama mzee yupo hai, muulizeni leo, kabla hamjaanza kumsemea.