Mwenye Enzi, Mwenye Shamba

Cucu yangu wa Kianjokoma ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna nakala ya hatimiliki ya shamba analolima, na jina lililo kwenye ile karatasi si la guka. Ni la mdogo wake guka. Cucu halitamki. Husema tu "yule".

Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 20, 1952, Kianjokoma ilikuwa pale pale ilipo leo, chini ya msitu wa Mlima Kenya, kwa hivyo vita havikuwa habari za redio. Guka alienda msituni. Mdogo wake akawa homugadi. Tukiwa shuleni tuliambiwa hii ni hadithi ya Mwafrika na Mzungu, na ni kweli, lakini boma letu lilijua pia nusu ya pili: ndugu kwa ndugu.

Nilifikiria hayo mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha masomo (karo, hadithi ndefu), tuliposoma utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wanafunzi wengi walimpenda Liyongo kwa nguvu zake. Mimi nilikwama kwa mtoto. Sultani wa Pate ana kiti, lakini watu wanampenda Liyongo, na mtu wa namna hiyo hashikiki. Sultani afanyeje? Anatafuta kitu ambacho tayari ni cha Liyongo: mwanawe. Anamwahidi uwaziri na kumwoza binti yake. Mtoto anamdadisi baba siri ya kifo chake, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala.

Angalia Kiswahili kinavyoweka mambo. Hatuna kitenzi kimoja cha kumiliki kwa maana ya kila siku. Tuna "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu. Lakini kwa jamaa tunagandisha kabisa: mwanangu, mamako, nduguye. Mwanangu si mali yangu. Ni kipande changu. Nionavyo mimi, Sultani hamnunui mtoto. Anakata ile gundi. Na mtoto akishatenda, hapewi kile alichoahidiwa. Anaugua, anakufa.

Linganisha na utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wajerumani pwani. Kichwa chake chenyewe kinasema Wadachi walikuja *kutamalaki* Mrima, mwaka 1307 wa Hijria. Hapo hakuna mwanangu. Mgeni anakuja na bunduki, anatwaa. Neno hilo lina mzizi mmoja na milki, mmiliki, na, ndiyo, hatimiliki.

Sasa rudi Kianjokoma. Wakati ule Embu ilikuwa bado katika Mkoa wa Kati, na mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vya ardhi viunganishwe, kila shamba lipate mwenyewe mmoja kwenye karatasi. Wengi waliokuwa msituni au vizuizini hawakuwepo pale mpaka ulipopimwa. Walioaminiwa na serikali walikuwepo. Guka aliporudi, shamba la baba yao lilikuwa limetamalakiwa, na aliyelitwaa hakuwa Mdachi. Alikuwa nduguye.

Nyumbani tunasema *mwene*, ambalo ni neno lile lile la "mwenye". Mwene Nyaga ni Mungu. Mwene mugunda ni mwenye shamba. Nilimuuliza cucu mwene wa mugunda huu ni nani. Alinitazama kama niliyeuliza jua ni la nani. "Ni wa waliozikwa ndani," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Watu husahau kwamba Liyongo hakuanguka mara moja. Aliamka na sindano tumboni, akachukua upinde, akaenda akapiga goti karibu na kisima, akafia hapo akiwa amelenga. Siku kadhaa watu wa mji waliogopa kuteka maji. Ilibidi mamake aitwe ambembeleze, kwa maana kila mtu alidhani yu hai. Kisima kilikuwa cha nani siku hizo?

Kuna muringa guka alipanda baada ya kurudi, juu kabisa karibu na barabara. Wajukuu wa "yule" wana karatasi, na wameuza mbao nyingi kutoka shamba hilo. Huo hawajaugusa. Wakipita chini yake hupunguza sauti.