Goma: mji wa kando ya ziwa unaoishi kwa mvua

Ndugu wasomi, tuanze na swali rahisi. Goma iko kando ya ziwa Kivu kabisa. Juu ya nini basi, mvua ikianza kupiga, bamama wanakimbia kupanga mabeseni chini ya manjanja? Mwenye amekulia kartie za juu anajua jibu. Mwenye amekulia karibu na ziwa asome historia hii kidogo.

Jibu la kwanza ni jiwe. Goma imejengwa juu ya lava. Mvua iko mingi, inapita milimita 1,000 kwa mwaka, lakini maji yanaingia katika nyufa za mawe na kupotea chini. Hakuna mto unaopita katika mji, na kuchimba kisima katika jiwe lile si mchezo. Yanabaki maji ya namna mbili: ya ziwa, ambayo lazima pampu iyapandishe, na ya mvua, ambayo yanajiletea yenyewe. Mji nao umezidi kupanda kuelekea volkano, mbali na pampu. Fasi robine haifiki, ni bidoni kichwani, bidoni juu ya chukudu, ama kungojea wingu.

Historia imetufundisha mara tatu.

Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Wengi walikunywa maji ya ziwa bila dawa, na juu ya lava ilikuwa vigumu hata kuchimba choo. Watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Kumbe mtu anaweza kufa juu ya maji akiwa anaangalia ziwa.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama upande wa Buhene, na safari hii iliharibu hifadhi kubwa ya maji pamoja na mabomba. Watu karibu 500,000 walikosa maji. Mji unaotegemea bomba moja unaweza kukauka hata ziwa likiwa limejaa.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Nyumba ya mita 8 kwa 5 ina paa la mita mraba 40. Mvua ya milimita 10, mvua ya kawaida tu, inaleta litre 400. Hizo ni bidoni 20, bila pampu, bila foleni. Hata ukipoteza tano njiani, umebaki na kumi na tano.

Lakini hapa wasomi tusimame, juu mvua yetu ina deni lake. Moshi wa volkano unabeba gesi, na mvua inaziosha kutoka hewani. Mojawapo inaacha fluori ndani ya maji. Watafiti wa Observatoire Volcanologique de Goma wamepima maji ya mvua kwa miaka mingi, na upande wa magharibi, kama Rusayo, ambako upepo unapeleka moshi mara nyingi, wamekuta fluori inayopita kipimo cha OMS cha miligramu 1.5 kwa litre. Batoto wanaokunywa maji hayo wakati meno yanajijenga wanabaki na madoa ya rangi ya chai maisha yote. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini fluori inabaki, na maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Dawa ya klori nayo haiigusi.

Kwa hiyo: mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa. Funika tanki. Maji ya mvua yafue, yaoshe vyombo, yajenge. Ukiishi upande wa moshi, tafuta maji mengine kwa kunywa na kwa uji wa batoto wadogo, ama changanya mpaka mtu apime.

Na nani atapima? Ndiyo maana ninaandika hapa. Kati yetu kuna watu wa kemia, wa ujenzi, wa afya ya jamii. Kila mwaka tunatafuta kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo, tunakopia vichwa vya watu wa mbali. Tanki ya jirani yako haijapimwa hata siku moja. Kwetu mama alikuwa anasema maji ya mvua ni matamu, na tulimwamini bila kuuliza.

Wewe nyumbani kwenu mlikuwa mnakinga na nini? Na meno ya wadogo zako yakoje? Tuandikie hapa chini.