Kibali, Mabavu na Imla: Aina za Utawala wa Amri katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi, 1920–1991

Utangulizi

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo siasa, maneno udikteta, uimla, udhalimu, ubabe na utawala wa mabavu hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Mwandishi huchukua lile lililomjia kwanza, na katika aya ifuatayo huweka jingine ili asilirudie la awali. Katika insha ya kawaida ada hii haina neno. Katika historia ina madhara, kwa sababu humfanya msomaji aamini kwamba tawala zote zilizowanyima watu sauti zilikuwa za namna moja, nazo zilipishana kwa ukali tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyo. Ushahidi wetu ni historia ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Kariokor, Kaloleni, Bahati na mingineyo iliyo jirani, ambako wakazi walipitia, katika muda wa miaka sabini hivi, aina tatu za utawala ambazo hazifai kupewa jina moja.

Yafaa kwanza tuwe na istilahi ya jumla. Tutatumia utawala wa amri kwa maana ya utawala ambao anayetawaliwa hana njia ya amani na ya kisheria ya kumwondoa anayemtawala. Maana hii haisemi lolote juu ya ukali wala juu ya itikadi. Inatenga jinsi tu. Kazi ya kutenga aina inabaki.

Wataalamu wa elimu ya siasa wameishughulikia kazi hiyo kwa njia mbalimbali. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1951, aliutenga utawala unaotaka kuyameza maisha yote ya mtu na udhalimu wa kale. Juan Linz, akiandika mwaka 1964 kuhusu Hispania ya Franco, alionyesha kwamba kuna tawala za amri zisizofika kiwango hicho, ambazo huridhika raia akikaa kimya na kushughulika na mambo yake. Barbara Geddes, mwaka 1999, aliainisha tawala kwa kutazama ni nani anayezishika: jeshi, chama au mtu mmoja. Wengine wamependelea hesabu. Kipimo cha Polity huzipanga nchi kuanzia −10 hadi 10, na shirika la Freedom House la Marekani, tangu miaka ya 1970, limekuwa likizipa alama kuanzia 1 hadi 7. Vipimo hivi vina faida yake katika kulinganisha nchi nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, vinamtazama zaidi anayetawala na taasisi zake. Swali ambalo mkazi wa Pumwani angeliuliza kwanza ni jingine: utawala huu unadai nini kwangu mimi?

Ushahidi wa maneno

Lugha yetu ina njia ya kulijibu swali hilo. Neno imla ni la asili ya Kiarabu, na kila aliyesoma shule analijua: mwalimu husoma kwa sauti, wanafunzi huandika neno kwa neno, na anayeongeza au kupunguza amekosa. Uimla, basi, kwa asili yake ni utawala unaotaka maneno ya mtawala yarudiwe na watawaliwa. Mabavu, kwa upande mwingine, yanatokana na ubavu, kiungo cha mwili. Utawala wa mabavu ni ule unaoshughulika na miili. Neno la tatu, kibali, ni ndugu wa kubali. Humtaja mtu ambaye hawezi kutenda jambo mpaka mwingine amkubalie. Ama dikteta, neno hili limetoka Roma ya kale, ambako lilikuwa jina la cheo halali kilichotolewa wakati wa hatari kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa sababu hiyo halitusaidii sana kutenga aina, ingawa limeenea. Pendekezo letu ni kwamba kibali, mabavu na imla zichukuliwe kuwa aina tatu za utawala wa amri, kila moja ikiwa na dai lake.

Utawala wa kibali

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuandikwa na kuachishwa kazi. Cheti hiki kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Aliyeondoka kazini kabla ya mwajiri kutia sahihi hakuweza kupata kazi nyingine kwa njia halali. Malalamiko juu ya kipande yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa Harry Thuku wafuasi wengi jijini, mpaka alipokamatwa na umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi mwezi Machi 1922.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja. Vijiji vya awali, ambavyo wenyeji wake walikuwa wamevipa majina ya Kiswahili kama Mombasa, Maskini na Kaburini, vilibomolewa, na Pumwani ikatengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pao rasmi. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakajengewa Shauri Moyo. Jina hili lina maana ya kuachiwa mtu ashauriane na moyo wake. Ni jina la ajabu kidogo kwa mtaa ambao waliohamia humo hawakuwa na shauri kubwa la kufanya.

Utawala huu ulikuwa na sifa moja ya kuangaliwa. Haukujali sana Mwafrika alifikiri nini, wala haukumtaka ausifu. Ulitaka ajulikane yuko wapi, anamfanyia nani kazi, na kwa idhini ya nani. Aliyekuwa na karatasi iliyokamilika aliweza kunyamaza na kupita. Mwanadamu alikuwa amefanywa kipande cha hesabu ya kazi, na neno lenyewe lilisema hivyo.

Ukumbi wa Kaloleni na sheria ya 1950

Aina hii ilianza kutotosha pale wenye vipande walipoanza kusema kwa pamoja. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa na ukumbi wa mikutano ambao ulipata sifa kuliko nyumba zenyewe. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961.

Mgomo ulizimwa, na mnamo Juni 1950 serikali ikapata sheria mpya ya kulinda utulivu wa umma, iliyodai leseni kwa mikutano ya hadhara. Kwa mtazamo wa makala haya, hapo ndipo kibali kilipohama kutoka shingoni kwenda kinywani: awali mtu aliomba idhini ya kuwapo mjini, sasa aliomba idhini ya kusema na wenzake. Sheria hii ni muhimu kwa sababu iliishi kuliko serikali iliyoitunga, na tutakutana nayo tena.

Utawala wa mabavu

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika mitaa ya Eastlands kilele chake kilikuwa Operesheni Anvil, iliyoanza alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakaupekua mtaa baada ya mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapelekwa kuchujwa. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Mbele ya safu za waliokamatwa walipitishwa wapelelezi waliofunikwa magunia vichwani, yenye matundu ya macho tu. Walitikisa kichwa, na mtu akaondolewa. Wakikuyu waliwaita gakunia, yaani kigunia.

Hapa karatasi haikumwokoa mtu. Mwenye cheti safi na asiye nacho walipanda lori moja ikiwa walikuwa wa kabila moja. Dai la utawala lilikuwa mwili: uzungushiwe seng'enge, uhamishwe, uhesabiwe usiku. Ni kweli kwamba katika kambi za kizuizini wafungwa walilazimishwa kuungama viapo vyao, na kuungama ni tendo la ulimi. Lakini ungamo lilihusu yaliyopita, na lilitafutwa kwa kuutesa mwili. Aina hizi hazina kuta ndefu kati yao; tunachotafuta ni dai lililotangulia mengine.

Ramani ya mitaa imehifadhi habari za wakati huo, na habari zenyewe hazina upande mmoja. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, na Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Wote wawili walihesabiwa kuwa wapinzani wa Mau Mau, na wakoloni ndio waliowakumbuka kwa kuta za mawe. Waliopita mbele ya kigunia hawakujengewa mtaa.

Utawala wa imla

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Chama cha KPU kilipigwa marufuku Oktoba 1969, na KANU ikabaki peke yake kwa tendo. Mnamo Juni 1982 kifungu cha 2A cha katiba kikaifanya kuwa peke yake kwa sheria. Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya kuukumbuka muda huu. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya yaelekea wapi, na Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973, ni tunda la kifungo hicho. Alamin Mazrui, mhadhiri na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kufikishwa mahakamani.

Dai la utawala huu lilielezwa waziwazi na Rais Daniel arap Moi mwenyewe mnamo Septemba 1984, alipowataka mawaziri na wengineo waimbe kama kasuku nyuma yake, kama vile yeye alivyouimba wimbo wa Kenyatta. Huku ndiko kutoa imla kwa maana kamili ya neno. Kunyamaza, ambako kulimtosha mwenye kipande, sasa kulitiliwa shaka. Raia alitakiwa aseme, na aseme maneno aliyosomewa.

Mwaka 1988 imla ilifika hata katika kupiga kura. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wapiga kura walipangwa nyuma ya wagombea au mawakala wao mbele ya macho ya watu wote, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa. Watu waliuita utaratibu huo mlolongo. Katika eneo la Starehe, Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, alipoteza kiti chake.

Mwezi Mei 1990 Rubia na Kenneth Matiba walitangaza kwamba wanataka vyama vingi, kisha wakaomba leseni ya mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai. Leseni ilinyimwa, kwa nguvu ya sheria ileile iliyozaliwa mwaka wa mgomo wa 1950. Tarehe 4 Julai wakakamatwa. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, polisi wakawatawanya, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa na kuenea miji mingine. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Njia ya kupima

Kutokana na ushahidi huu tunapendekeza maswali matatu. La kwanza: utawala unadai nini kwanza, idhini, mwili au ulimi? La pili: je, anayenyamaza husalimika? La tatu: anayenyimwa ana pa kukata rufaa? Kwa swali la tatu tawala zote tatu zinafanana, ndiyo maana ni za jinsi moja. Kwa la kwanza na la pili zinaachana kabisa. Kibali humwachia anayenyamaza, mabavu hayamsikilizi, imla humwadhibu. Alama moja ya tarakimu haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa mwaka 1935, mwaka 1954 na mwaka 1988 yote yangepata alama ya chini, na msomaji asijue yametofautiana nini.

Kipimo hiki pia hutusaidia kuona kwamba aina moja huacha vyombo vyake kwa inayofuata. Sheria ya leseni ya mikutano ilirekebishwa mwaka 1997, ikawa kutoa taarifa badala ya kuomba, na katiba ya mwaka 2010 imelinda haki ya kukusanyika. Lakini tarehe 7 Julai 2025, katika kumbukumbu ya mwaka wa 35 ya siku ile, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi, na kwa hesabu ya tume ya taifa ya haki za binadamu zaidi ya watu 30 waliuawa nchini. Hakuna aliyetakiwa kuimba siku hiyo. Anayeita tukio hilo uimla analitaja visivyo. Ni mabavu, ndani ya katiba isiyoyaruhusu, na dawa ya moja siyo dawa ya jingine.

Hitimisho

Lugha ya watu imeyahifadhi haya kwa uangalifu kuliko maandishi yetu. Nchini Tanzania, Saba Saba ni siku ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, chama kilichokuja kuwa cha pekee. Nchini Kenya, maneno yayo hayo ni siku ya kukikataa chama cha pekee. Nalo jina Kamukunji limekuwa nomino ya kawaida: wanafunzi wa vyuo vikuu wakikutana kujadili jambo lao bila kumwomba mtu idhini, husema wana kamukunji. Neno hili lastahili kuingizwa katika kamusi zetu pamoja na historia yake, na kipande, gakunia na mlolongo yastahili kuelezwa kandokando yake, kila moja likitajwa kuwa ni la utawala wa aina gani. Kazi hiyo ni ya wanaisimu kama ilivyo ya wanahistoria, na wazee wa Pumwani na Kaloleni walioyatumia maneno hayo wangali wapo wa kuulizwa.