Kati ya Mgodi na Mbuga

Mto Mara unazitenga wilaya za Tarime na Serengeti kwenye ramani, lakini mwaka 2020 ulizitenga hata mifukoni. Agosti ya mwaka ule bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 za Marekani kwa wakia kwa mara ya kwanza, na mgodi wa North Mara pale Nyamongo, upande wa Tarime, uliendelea na kazi. Ng'ambo ya mto, vijana wa Mugumu, Nata na Robanda waliozoea kupika, kufua mashuka na kuosha magari katika kambi za watalii walikuwa wamerudi kwa wazazi wao. Ndege za kimataifa zilizuiwa tarehe 12 Aprili kwa sababu ya korona, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, lakini kuruhusu ndege si kuleta wageni: watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Wilaya hizi mbili zilikuwa chini ya sheria moja ya mtu aliyepoteza kazi, na kila palipotajwa mafao, matapeli nao walisikia. Hoja yangu ni kwamba tapeli wa mafao hakuletwa na korona, wala hakuletwa na simu ya mkononi. Alikua kadiri mfanyakazi alivyosogezwa mbali na fedha yake mwenyewe, na kusogezwa huko kuna tarehe zake.

Kabla ya kuwapo mfuko wowote, akiba ya mtu wa huku ilikuwa na kwato. Wakuria wengi walikwenda KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, wakaingia polisi, wakavuka mpaka kuchuma chai Kericho, na mshahara uliorudi nyumbani uligeuka ng'ombe. Ng'ombe hao hawakulazwa zizi moja. Waliwekeshwa kwa shemeji, kwa rafiki, kwa mtu wa ukoo mwingine, ili ugonjwa au wavamizi wasimmalize mwenye mali kwa usiku mmoja. Kazi ya mshahara ilieleweka kuwa ni kitu cha msimu. Hata dhahabu ilikuwa na msimu wake: migodi ya zamani ya mkoa huu wa Mara, Buhemba na Kiabakari, ilikuja na ikafa. Nisiupambe sana utaratibu huo wa mifugo, maana ulikuwa na tundu kubwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, wizi wa mifugo ukawa biashara ya silaha, na aliyetegemea zizi la shemeji angeweza kuamka maskini. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: mwenye ng'ombe alijua yuko wapi, yuko kwa nani, na akimhitaji aende akamfungue. Hakuna mtu wa tatu aliyeweza kumuuzia habari za ng'ombe wake mwenyewe.

Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964, na ingawa uliandikwa mbali na huku, roho yake haikuwa ngeni. Mfanyakazi alikatwa, mwajiri akaongeza, fedha ikakaa kwa jina la mtu. Mwaka 1997 sheria mpya iliugeuza kuwa NSSF, yaani kutoka akiba kwenda bima na pensheni, michango ikifikia asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili. Mageuzi hayo yalikuwa makubwa kwenye vitabu, lakini machoni pa wafanyakazi mlango mmoja ulibaki wazi: ukiacha kazi, baada ya kusubiri kidogo unajaza fomu unachukua chako. Wakauita fao la kujitoa. Mgodi wa Nyamongo ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, kisha ukapita mikono ya Placer Dome, Barrick, African Barrick Gold na Acacia kabla ya kurudi kwa Barrick mwaka 2019, mikataba ya kazi, hasa ya makandarasi, ilikuja na kwisha. Kila ilipokwisha, fao la kujitoa ndilo lililojenga nyumba ya bati, likanunua pikipiki, likalipa ada. Sheria haikuliita bima ya kukosa ajira, lakini ndiyo kazi liliyoifanya.

Mlango ule ulianza kufungwa mwaka 2012. Bunge lilirekebisha sheria za hifadhi ya jamii, na Julai mwaka ule mamlaka ya kusimamia mifuko, SSRA, ikatangaza kwamba michango haitatolewa hadi umri wa kustaafu, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Wafanyakazi wa migodini walipinga kuliko wote, na sababu yao ilikuwa ya kihesabu zaidi kuliko ya hasira: mtu anayevuta vumbi la mwamba kwa mkataba mfupi hajioni akifika miaka 55 akiwa bado ameajiriwa. Serikali ikalazimika kulitazama upya suala hilo. Lakini wazo lenyewe halikufa, na mwaka 2018, mifuko ilipounganishwa ikabaki PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, likarudi na jina jipya, fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi bila kutaka mwenyewe, atalipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Asiyefikisha miezi hiyo aliwekewa utaratibu wake, wa sehemu ya michango tu.

Hapa watetezi wa sheria wana hoja nzito, na si haki kuipita kimyakimya. Mfuko unaotoboka kila mkataba unapokwisha hauwezi kumlipa mzee pensheni, na wapo wengi waliochukua vyote wakiwa na miaka 30 wakajikuta na miaka 60 mikono mitupu. Ni kweli. Uzee haumwachi mtu kwa sababu alinunua pikipiki. Lakini hoja hiyo inatetea kulinda sehemu ya akiba. Haitetei kumpima mfanyakazi wa mbugani kwa kipimo cha karani. Kambi nyingi za Serengeti hufuata nyumbu. Zinafunguliwa, zinafungwa wakati wa masika, zinahama. Janga lilipoingia, waajiri wengi wa utalii nchini hawakuwaachisha watu kazi moja kwa moja; waliwapa likizo bila malipo. Mtu huyo kwenye karatasi ni mwajiriwa, jikoni kwake hana kitu, na mbele ya sheria hana cha kudai, kwa kuwa hajaachishwa. Na hata aliyeachishwa mwezi Aprili 2020 na kukidhi kila sharti, miezi yake sita iliisha Oktoba, wakati watalii wa mwaka 2021 nchi nzima walikuwa 922,692 tu, na idadi ya kukaribia ile ya zamani ilirudi 2022. Miezi sita ilitungwa kwa mtu anayetafuta kazi nyingine. Haikutungwa kwa sekta nzima iliyolala.

Kati ya mtu na fomu ndipo kishoka, wakala asiye rasmi, anapopata kazi. Neno hili tumelizoea kwenye umeme na viwanja, lakini kwenye mafao lina historia ileile: barua ya mwajiri haijatoka, michango haikupelekwa miezi kadhaa, ofisi ya mkoa iko Musoma na nauli ni ya kukopa. Anatokea mtu anayejua mtu. Baadaye hata kutokea hakuhitajiki, sauti kwenye simu inatosha: mimi ni ofisa wa mfuko, faili lako limekwama, tuma kiasi fulani litembee. Mifuko yenyewe imelazimika kuwaonya wanachama na wastaafu mara kwa mara juu ya simu za namna hiyo. Inafaa kulinganisha na Marekani, ambako mwaka huohuo wa 2020 Serikali iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya mafao ya wasio na kazi, na mtu akathibitisha hali yake wiki kwa wiki kwa intaneti. Kule wezi walijifanya wafanyakazi, wakaichota Serikali. Wakaguzi wa umma walikadiria hasara ya dola bilioni 100 hadi 135. Huku tapeli hajifanyi mfanyakazi, anajifanya ofisi. Sababu ni rahisi: kule mlango ulikuwa wazi mno na fedha ilikuwa inatoka, kwetu fedha haitoki upesi, kwa hiyo kinachouzwa ni kuharakisha.

Wapo watakaosema tatizo ni ujinga wa wananchi, au tamaa, na kwamba dawa ni elimu na udhibiti wa laini za simu. Udhibiti ulijaribiwa, tena kabla tu ya janga: muda wa usajili kwa alama za vidole ulikwisha na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, miezi miwili kabla ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyegundulika Arusha. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukukoma, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bado inapokea taarifa za matapeli kupitia namba 15040. Elimu nayo ina mpaka wake. Mpishi wa kambi anayesoma menyu kwa lugha mbili si mjinga. Anapopigiwa na mtu anayejua kwamba anasubiri mafao, kinachomfanya asikilize ni kwamba maelezo ya tapeli yanafanana na anayoyajua: faili kukwama ni jambo la kawaida, na kuliondoa palipokwama kwa kumjua mtu ni jambo la kawaida pia. Uongo unaofanana na utaratibu hauhitaji mjinga.

Kwamba michango ni mali ya mchangiaji, Serikali yenyewe ilikuja kukiri, na ilikiri mahali pasipotarajiwa. Watumishi walioondolewa kuanzia 2017 kwa vyeti vya kughushi waliruhusiwa mwaka 2022 kurudishiwa michango yao wenyewe, na malipo yakaanza Novemba mwaka ule. Walilipwa kwa mkupuo. Mhudumu wa Robanda aliyekuwa na cheti halali na likizo bila malipo hakuwa kwenye orodha hiyo.